Mafaili mawili ya APK, toleo moja, ukubwa tofauti: niamini lipi?

KalamuKavu:

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari zenu.

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakiongea na kuandika walichosema, neno kwa neno. Mahojiano, vikao, simulizi za wazee. Kwa miaka minne nimetumia programu moja ya kurekodi sauti, jina nalihifadhi. Uzuri wake si kurekodi, maana kurekodi kila simu inarekodi. Uzuri wake ni alama. Mtu akitaja jina la ukoo au mwaka, nagusa skrini, alama inabaki kwenye sekunde ile ile, na naweza kuiandikia neno moja la kunikumbusha. Nina rekodi 43 zenye alama hizo. Sauti zenyewe zinafunguka popote, lakini alama zimo kwenye faili la pembeni ambalo programu nyingine yoyote nikiipa inanikodolea macho tu.

Wiki iliyopita simu ilianza kujizimazima, nikairudisha ilivyotoka kiwandani. Rekodi nilishazihamishia kwenye kompyuta, hizo ziko salama. Kurudi dukani kuchukua programu, naambiwa kifaa changu hakioani na toleo hili. Simu ni Android 9 na haina mpango wa kupanda. Nimewaandikia watengenezaji mara mbili. Kimya.

Basi nikatafuta toleo la zamani, 5.2, lile lile nililokuwa nalo, kwa faili la APK, yaani lile la kusakinishia programu ya Android bila kupitia dukani. Nimelipata kwenye tovuti mbili, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuuma. Faili la kwanza lina MB 34, la pili MB 27. Ikoni moja, jina moja, namba ya toleo moja. Nimeyapitisha yote mawili VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa injini nyingi za antivairasi kwa mpigo. La kwanza: 0 kati ya 66. La pili: 2 kati ya 66, na hizo mbili zimeandika neno Adware, yaani programu ya kusukuma matangazo.

Moyo unaniambia nichukue la kwanza, lisilo na doa. Lakini mbona limenenepa?

Sijasakinisha lolote bado. Nawasubiri.

Dada yenu, KK

---

Nguchiro:

Usichukue lolote. Kinachotoka nje ya Play Store ni sumu, nukta. Simu imezeeka, tafuta nyingine.

---

Mzee wa Mod:

Nguchiro acha kutisha watu. Mimi mwaka wa sita huu natumia mod tupu, yaani programu zilizorekebishwa na watu wengine, za muziki, za kuchati, zote, na nipo. Dada chukua la kwanza. Sifuri ni sifuri.

---

Bisibisi:

Sifuri ni sifuri kwenye hesabu, Mzee wa Mod. Kwenye VirusTotal sifuri maana yake ni kwamba siku ile, injini zile, hazikulitambua faili lile. Basi. Mchakachuaji naye ana antivairasi kwake, na kazi yake haitoki nje mpaka apate sifuri unayoisifia.

Dada KK, mimi ni fundi simu. Nusu ya simu zinazoletwa kwangu na malalamiko ya "inapata moto, bando linaisha" hazina ugonjwa wa vifaa, zina mgeni ndani. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, unisamehe.

Kwanza hizo 2 kati ya 66. Usizikimbie kabla hujasoma zimesema nini. Injini ikitaja ukoo wa virusi unaojulikana, hilo ni jambo moja. Ikisema kwa jumla tu kwamba hapa pana maktaba ya matangazo (maktaba ni msimbo uliotengenezwa tayari, unaobebwa ndani ya programu), hilo ni jingine, na programu ya bure yenye matangazo hupigwa muhuri huo mara nyingi tu. Zingekuwa kumi na tano, na zote zinataja jina moja, ningekuambia futa sasa hivi. Mbili zinazosema Adware ni mnong'ono.

Ukubwa nao haumshtaki mtu. Simu za Android zina prosesa za biti 32 na za biti 64. Mtengenezaji anaweza kutoa faili moja lililobeba maktaba za pande zote mbili, au akatoa mawili, kila upande na lake. Ukichungulia ndani utakuta majina kama armeabi-v7a na arm64-v8a. MB saba zinaweza kuwa ni hizo tu. Zinaweza pia kuwa mgeni. Kwa mizani peke yake huwezi kujua.

Ninachotazama mimi kabla ya vyote ni saini. Android haisakinishi APK isiyosainiwa. Mtengenezaji ana ufunguo wake wa siri, anausainia kila toleo, na simu inakataa sasisho lililosainiwa kwa ufunguo mwingine. Sasa mfikirie mchakachuaji. Ikoni anaiga, jina anaiga, jina la kifurushi (lile la mtindo wa com.fulani.rekoda) analiacha lilivyo, namba ya toleo anaandika anayotaka. Lakini akishagusa chochote ndani, lakiri imevunjika. Lazima afunge upya, na ufunguo wa mwenyewe hana. Atafunga kwa wake.

Kwa hiyo swali "faili hili lina virusi?" liweke pembeni kidogo. Uliza "nani amelisaini?"

Namna ya kujua: kwenye ukurasa ule ule wa VirusTotal wa faili lako, fungua sehemu ya maelezo, inaitwa Details. Teremka mpaka kwenye cheti, yaani kitambulisho cha ufunguo uliosaini. Utaona jina la mwenye cheti, na msururu mrefu wa herufi na namba unaoitwa Thumbprint. Jina lisikubabaishe, maana vyeti vya Android kila mtu hujitengenezea mwenyewe, na kwenye nafasi ya jina anaweza kuandika hata "Mfalme wa Kurekodi". Kinachohesabika ni ule msururu.

Halafu utafute wa kulinganisha nao. Kuna ndugu au rafiki mwenye programu hiyo kwenye simu mpya, aliyeitoa dukani kwenyewe? Chukua APK kwenye simu yake (vidhibiti vingi vya mafaili vina sehemu ya kuhifadhi nakala ya programu, ukikuta vipande vingi chukua base.apk), pandisha VirusTotal, soma msururu wake. Ukiwa huna woga wa kuandika amri kwenye kompyuta, zana ya apksigner ya Android inakupa kitu hicho hicho bila kupandisha chochote popote:

apksigner verify --print-certs faili.apk

Na ukiwa pale pale Details, soma orodha ya ruhusa za kila faili. Rekoda kuomba kipaza sauti ni haki yake.

(Angalizo la pembeni: unachopandisha VirusTotal wengine wanaweza kukipata. APK ya watu haina neno. Rekodi za wazee wako usipandishe.)

---

Tulia_Tu:

Fundi, si arahisishe tu? Achukue hiyo simu ya ndugu yenye programu halisi, ajaribu kusakinisha faili juu yake. Likikataa, saini ni tofauti. Likikubali, ni mwenyewe.

---

Bisibisi:

Kwa toleo jipya, hesabu yako ni sawa. Hapa haifanyi kazi. Android inakataa pia kushusha toleo, yaani 5.2 juu ya kubwa kuliko hilo, hata kama saini ni ya baba mmoja mama mmoja. Yatakataa yote mawili na hatutajua kwa nini. Halafu simu ya ndugu ina makosa gani mpaka tuijaribie sumu?

Na msije mkachukua kanuni hii mkaanza kuchapa kila mtu. Programu ile ile ukiitoa F-Droid, duka jingine la programu za Android, unaweza kukuta saini tofauti na ya Play, na hakuna aliyeiba. F-Droid kwa kawaida wanachukua msimbo wa wazi, wanaijenga programu wenyewe na kuisaini kwa ufunguo wao. Pale unaamua kama unawaamini F-Droid, na mimi nawaamini. Tovuti isiyosema imetoa wapi faili lake ni habari nyingine.

---

Nguchiro:

Maneno mengi yote haya ya nini? Play wapo watu wanaolipwa kukagua.

---

Bisibisi:

Wapo, na wanapunguza mengi. Anayeweza kubaki dukani abaki. Lakini kwa kuwa tunazungumzia rekoda, nikukumbushe iRecorder. Iliwekwa Play Septemba 2021 ikiwa safi kabisa, inarekodi skrini kama ilivyoahidi. Karibu mwaka mzima. Kwenye sasisho la Agosti 2022 ikaongezwa jasusi ndani: dakika moja ya sauti ya chumbani kila baada ya dakika 15, inatumwa kwa mwenyewe. ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, waliwaarifu Google ikiwa imeshasakinishwa zaidi ya mara 50,000, ikaondolewa, na Mei 2023 wakaiandika. Na saini ilikuwa ya mwenyewe, kipaza sauti alikuwa ameshapewa kwa halali. Kwa hiyo hata hii saini ninayoipigia debe ingemruhusu kupita. Saini inakuambia nani. Haikuambii kesho ataamka vipi.

Mzee wa Mod, na wewe usinune. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni nyingine ya usalama, walikuta FMWhatsApp 16.80.0, mod ya WhatsApp, imebeba programu hasidi ya Triada, iliyoingia pamoja na maktaba ya matangazo. Wenye mod wenyewe huenda hawakujua walichokibeba. Ungewauliza watumiaji siku hiyo, wangekujibu kama ulivyojibu juu: nipo.

---

Mzee wa Mod:

Sawa fundi, nimekusikia. Ila bado nipo 😂

---

KalamuKavu:

Nimerudi. Nimekesha, lakini nimepata kitu. Au nimechanganyikiwa zaidi, sijui.

Kaka yangu ana programu hiyo kwenye simu yake mpya, aliitoa dukani kwa sababu mimi ndiye niliyemsumbua aiweke. Nimechukua base.apk yake kama fundi alivyoelekeza. Haya ndiyo niliyoyaona:

Ya kaka: jina la mwenye cheti ni la mtu mmoja tu, halina kampuni, mji haukuandikwa, nchi haikuandikwa. Kama cheti cha mtoto wa shule. Msururu unaanza na 9c47.

Faili la pili (MB 27, lenye zile 2 za Adware): jina lile lile la mtu mmoja. 9c47. Nimefuata herufi moja moja kwa kidole mpaka mwisho, nikarudia kutoka nyuma. Ni sawasawa.

Faili la kwanza (MB 34, lenye sifuri): hapa ndipo niliporuka kwenye kiti. Limeandikwa CN=Android, O=Android, Mountain View, California, US, na barua pepe ya android@android.com. Msururu unaanza na 61ed377e. Si Google wenyewe hao? Mountain View si kwao? Mbona basi hailingani na ya kaka?

Ruhusa nazo: la pili linaomba kipaza sauti, hifadhi, intaneti. La kwanza linaomba hizo hizo, halafu kusoma SMS, kupokea SMS, kuonekana juu ya programu nyingine, kuwaka simu inapowaka, na kusakinisha programu nyingine.

Fundi njoo.

---

Bisibisi:

Dada, umeshajijibu, umebakiza kukubali tu.

Kuhusu Mountain View. Ule ni ufunguo wa majaribio. Msimbo wa Android ni wazi, na ndani yake kuna funguo zilizowekwa makusudi kwa wanaojenga mfumo wa majaribio, ufunguo wa siri na cheti chake pamoja. Kwa hiyo ni siri iliyobandikwa mlangoni: mimi ninao, wewe unaweza kuwa nao ndani ya dakika tano, na zana nyingi za bure za kuchakachua APK zinao. Mtu akiwa na haraka anafunga kazi yake kwa huo, na nje linasomeka jina zuri la Android, California. Hiyo 61ed377e nimeiona mara nyingi kuliko namba yangu ya simu. Ukiiona kwenye programu ya kawaida, ujue mwenye programu hakuifunga yeye.

Yule "mtoto wa shule" asiyeandika mji ndiye mwenyewe. Wengi wanaanza hivyo, mtu mmoja, anajaza fomu mara ya kwanza, anaruka nafasi zote. Hajui kwamba cheti kile kile ataishi nacho miaka yote.

Na ruhusa zimemaliza kesi. Rekoda inasoma SMS ili iandike nini? Kupokea SMS ni kupokea namba za uthibitisho. Kuonekana juu ya programu nyingine ni kukuwekea ukurasa wa uongo juu ya ule wa benki yako. Kusakinisha programu nyingine ni kualika ukoo mzima. Kila moja kuna programu inayoihitaji kwa haki, lakini zote nne kwenye kitu cha kurekodi sauti, hapana. Na tazama ujanja: sifuri yake inawezekana kwa sababu mzigo wenyewe haumo ndani bado. Unakuja kuvutwa baadaye, ndiyo kazi ya ile ruhusa ya kusakinisha.

---

Tulia_Tu:

Nimesoma hiyo orodha nikapata baridi. Mimi niliwahi kuingia mkenge wa namna hiyo, kwa programu ya kusafisha simu niliyotumiwa kwenye kundi. Ilipomaliza kusakinishwa ikaniomba niiwashie Ufikivu (Accessibility), eti isafishe vizuri. Nikawasha. Ikoni ikapotea.

Nilipotaka kuiondoa sasa. Nafungua Mipangilio, naingia Programu, nateremka mpaka kwake, naigusa, na kabla kidole hakijafika kwenye Ondoa skrini inarudi mwanzo yenyewe. Naingia tena, inanirudisha. Kama kuna mtu amekaa nyuma yangu anabonyeza kitufe. Kumbe Ufikivu ndiyo mkono niliompa: anasoma kilichopo kwenye skrini na anabonyeza kwa niaba yangu. Na kwenye programu za msimamizi wa kifaa alikuwa ameshajiandikisha.

Kilichoniokoa ni hali salama. Nilishika kitufe cha kuzima, kwenye skrini nikakandamiza neno la kuzima bila kuachia mpaka ikauliza kama nataka kuwaka kwa hali salama. Huko programu za kupakua zinalala. Nikamvua usimamizi, nikazima Ufikivu wake, nikamwondoa, kisha nikabadilisha nywila zote kwa kutumia kompyuta, si simu ile.

---

Bisibisi:

Umeieleza vizuri kuliko mimi. Android 13 wameweka kizuizi, programu iliyoingia kwa faili kama hizi haipewi Ufikivu kirahisi. KK yuko 9, kizuizi hicho hana, kwa hiyo awe mkali mwenyewe.

Sasa dada, faili la kwanza futa, kwenye simu na kwenye kompyuta. La pili ni halali. Lakini halali si sawa na salama. Ni toleo kuukuu, mashimo yaliyozibwa kwenye matoleo ya mbele huko bado yapo wazi. Wewe shida yako ni alama za zile rekodi 43, si kuishi nalo. Ningefanya hivi: nakala ya rekodi ibaki kwenye kompyuta. Peleka APK kwenye simu kwa waya. Ruhusu "Sakinisha programu zisizojulikana" kwa kidhibiti cha mafaili peke yake. Tangu Android 8 ruhusa hiyo hupewa programu moja moja, na ukimaliza unainyang'anya. Kabla ya kuifungua mara ya kwanza weka simu hali ya ndegeni. Ikidai usasishe, usiguse kiungo chake. Fungua rekodi, kama ina sehemu ya kutoa alama kwenye maandishi zitoe zote, kisha iondoe na utafute nyumba mpya ya kazi zako zijazo.

Kipaza sauti usiipe kabisa. Kusoma alama hakuhitaji masikio.

---

Nguchiro:

Hali ya ndegeni hapo umenipata. Hiyo nakubali.

---

KalamuKavu:

Wakuu, ahsanteni. Nimefanya kama fundi alivyosema, hatua kwa hatua, mkono unatetemeka kama naiba.

Imefunguka. Ikadai kipaza sauti, nikakataa. Ikadai tena, nikakataa tena, ikasalimu amri. Sehemu ya kutoa alama ipo, imejificha chini ya vidoti vitatu, miaka minne sikuwahi kuigusa. Inatoa faili la maandishi: dakika, sekunde, neno langu. Rekodi 41 zimetoka safi. Mbili zinagoma. Moja sioni hasara. Ya pili ni ya bibi mmoja aliyetaja majina ya vizazi sita bila kupumua, na ina urefu wa saa moja na dakika 12.

Hiyo naisikiliza upya leo usiku, na daftari.